Habari za Kuwekwa Ndani na Yale Zisiyotuambia

Iko namna moja ya habari ambayo wasomaji wetu wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega wameizoea kama walivyozoea habari za mvua na za bei ya pamba. Huanza karibu siku zote kwa maneno yale yale. Mkuu wa wilaya fulani, au mkuu wa mkoa fulani, amefika katika kijiji fulani, amesikiliza malalamiko ya wananchi, amekasirika, naye papo hapo ameagiza polisi wamkamate mtu na kumweka ndani kwa saa 48. Mtu huyo aweza kuwa mtendaji wa kijiji, au mwenyekiti wa chama cha ushirika, au mkandarasi wa barabara, au mganga wa zahanati aliyechelewa kufika kazini. Kisha mwandishi atuambia kwamba wananchi walipiga makofi. Hapo habari imekwisha, na kesho yake huja nyingine.

Twataka kuzipima habari za namna hii. Hatuulizi kama mkuu yule alikuwa mwema au mbaya, wala kama yule aliyekamatwa alikuwa mwizi au mtu safi. Mambo hayo hatuyajui, na mara nyingi mwandishi mwenyewe hayajui. Twaiuliza habari yenyewe: imetuambia nini, na imeacha nini? Maana sisi tukaao vijijini twaijua Serikali zaidi kwa haya tunayoyasikia redioni na kuyasoma magazetini. Habari ikitujia nusu, basi na Serikali twaijua nusu.

Na tuanze na zile saa 48, ambazo hata watoto huzitaja wakigombana mchezoni. Wengi hudhani kwamba ni kifungo kidogo ambacho mkuu amepewa ruhusa ya kukitoa, kama vile hakimu atoavyo kifungo kikubwa. Sivyo. Saa hizo zimo katika Sheria ya Tawala za Mikoa, Namba 19 ya mwaka 1997. Sheria hiyo yampa mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya uwezo wa kuagiza polisi wamkamate mtu, lakini kwa sababu mbili tu. Ya kwanza, mtu akitenda kosa mbele ya macho ya mkuu, au mkuu akijua kwamba mtu huyo ametenda kosa ambalo kwa sheria mtu hukamatwa na kushtakiwa. Ya pili, mkuu akiwa na sababu ya kuamini kwamba mtu huyo karibu atavunja amani, wala hapana njia nyingine ya kumzuia ila kumshika. Hata hivyo uwezo huo una masharti. Mkuu hana budi kuziandika sababu zake na kumpelekea hakimu. Naye aliyekamatwa sharti afikishwe mbele ya hakimu kabla ya saa 48 kwisha, ama sivyo aachwe huru. Tena sheria ile ile yasema kwamba mkuu atakayetumia uwezo huu kwa kuonea watu aweza kushtakiwa yeye mwenyewe kwa kosa la kutumia cheo vibaya.

Basi saa 48 si kipimo cha adhabu. Ni mwisho wa muda ambao mtu aweza kushikwa kabla hakimu hajamwona, wala mkuu hakuambiwa autumie wote. Ikiwa mtu amekamatwa saa nne asubuhi na mahakama iko jirani, hapana sababu ya kumlaza hata usiku mmoja. Polisi wenyewe, wakimkamata mtu kwa kazi yao ya kila siku, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 yawadai wamfikishe mahakamani katika saa 24, maadamu yawezekana.

Sasa turudi kwenye habari. Mara ngapi tumesoma kwamba fulani amewekwa ndani saa 48 «ili iwe fundisho kwa wengine»? Mwandishi ayatia maneno hayo kama pambo la mwisho, naye hajui kwamba ameandika jambo kubwa. Kufundisha wengine hakumo katika zile sababu mbili. Mkuu akisema mbele ya mkutano kwamba amemshika mtu ili wengine wajifunze, amekiri mwenyewe kwamba sheria hakuifuata. Na mwandishi amelipokea ungamo hilo, amelichapa, akatuletea kama sifa. Kadhalika na mganga aliyechelewa kazini. Kuchelewa ni kosa la utumishi, lina mamlaka yake ya nidhamu, lina barua ya kujieleza, lina onyo, lina hata kufukuzwa. Lakini si jinai ya kumwingiza mtu mahabusu. Mwalimu naye ana Tume yake ya Utumishi wa Walimu. Na mkandarasi aliyejenga daraja bovu ana mkataba, na mkataba una njia zake za kudaiana. Ikiwa aliiba, hapo ni jinai, na ashtakiwe. Lakini habari haitupi hata neno moja la kutenga hili na lile. Yote yamekuwa «kuwekwa ndani».

Huenda msomaji akasema, Mwandishi ni mtu wa haraka, atawezaje kuchungulia sheria kila siku? Twajibu hivi. Katiba ya mwaka 1977 iliandikwa kwa Kiswahili, na mwanakijiji ajuaye kusoma aweza kuifungua na kuielewa kwa sehemu kubwa. Lakini sheria nyingine za nchi, na hii ya mwaka 1997 ikiwa mojawapo, ziliandikwa kwa Kiingereza. Na ilikuwa mwaka 2021 tu ndipo Bunge lilipobadili mambo, Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa miaka zaidi ya ishirini, basi, mtu wa Nkoma au wa Lagangabilili aliyewekwa ndani hakuwa na njia ya kuisoma sheria iliyomfunga. Ni nani aliyeweza kumsomea? Ni mwandishi wa habari, aliyesoma shule, aliye na lugha zote mbili, aliye na gazeti mkononi. Daraja lilikuwa moja tu. Ibara ya 18 ya Katiba yampa kila mtu haki ya kupewa taarifa za matukio yaliyo muhimu kwa maisha na shughuli za watu. Hatudhani kwamba taarifa hiyo maana yake ni jina la aliyekamatwa na kelele za mkutano peke yake.

Uwezo huu wa kukamata una umri mkubwa kuliko sheria ya 1997. Wazee wetu walimjua Bwana Shauri wa zamani, ambaye alitoza kodi, akatoa amri, akakaa kitini akahukumu kesi, yote kwa mkono mmoja. Watemi nao chini yake, wa Ntuzu na wa kwingineko, walikuwa na baraza lililotawala na kuhukumu pamoja. Uhuru ulipopatikana tulitazamia mikono hiyo itengwe. Mahakama ziliondolewa kweli katika mikono ya watemi, na utemi wenyewe ukaondolewa na sheria mwaka 1963. Lakini mwaka 1962 zilikwisha kutungwa sheria za wakuu wa mikoa na wa wilaya, na katika sheria hizo uwezo wa kumshika mtu kwa saa 48 ukarudi kwa mlango mwingine. Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliyotoa taarifa yake mwaka 1992, ilitaja sheria 40 zilizowabana wananchi na zilizostahili kufutwa au kurekebishwa, na hizi zilikuwa miongoni mwake. Zikafutwa. Lakini uwezo haukufa. Ulihamia katika sheria ya 1997, safari hii ukiwa na masharti tuliyoyataja. Ndiyo maana twayashika masharti hayo kwa nguvu. Hayo ndiyo yote tuliyoyapata katika mabadiliko yale, na habari ikiyaacha nje imetunyang'anya hata hayo.

Katiba nayo yasemaje? Ibara ya 4 yagawa kazi: kuna wenye kutawala, kuna wenye kutunga sheria, kuna wenye kutoa haki. Ibara ya 15 yasema kwa maana hii, kwamba mtu hatakamatwa wala kufungwa ila kwa utaratibu uliowekwa na sheria. Ibara ya 13 yakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mkosaji kabla kosa lake halijathibitika. Na Ibara ya 107A, iliyotiwa mwaka 2000, yasema kwamba neno la mwisho katika kutoa haki ni la Mahakama. Mkuu wa wilaya huteuliwa na Rais, ni mkono wa Serikali, na kazi yake ni ya heshima na yenye uzito mwingi. Lakini si hakimu. (Na tuongeze kwa pembeni kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mahakama ya mwaka 2011 ilimpa mkuu wa wilaya kiti cha uenyekiti katika kamati ya maadili ya mahakimu wa wilaya yake. Yaani hakimu anayeletewa sababu zilizoandikwa na mkuu, naye maadili yake hutazamwa na kamati ya mkuu huyo huyo. Hilo peke yake lingetosha makala nzima, na hatujaliona likiandikwa mara nyingi.)

Lakini tusiwacheke watu wanaopiga makofi. Wana sababu, na mwenye kulaumu makofi bila kuitaja sababu hiyo amesema maneno ya mjini. Mkulima wa pamba wa mkoa huu, ambao ndio wa kwanza kwa pamba nchini, ajua maana ya mizani iliyochezewa. Ajua maana ya kuuza kwa mkopo, kuandikiwa karatasi, na kuzungushwa msimu mzima. Ajua chama cha msingi ambacho fedha zake zimepotea na viongozi wake bado wanatembea. Akienda mahakamani huambiwa aje tarehe nyingine, kisha nyingine, nauli yamla, shahidi ahama, hakimu ahamishwa. Halafu siku moja yuaja mkuu na gari na polisi, na katika saa moja yule aliyemdhulumu aonekana akipandishwa garini. Moyo wa mtu hufurahi. Hata sisi tungefurahi.

Ila twauliza: siku ya tatu kulikuwaje? Hapa ndipo udhaifu mkubwa wa habari hizi ulipo, kuliko kutokutaja sheria. Habari hizi hazina kesho. Kama yule mtu alikuwa mwizi kweli, basi baada ya saa 48 ama alifikishwa kwa hakimu, ama alitoka. Akitoka, fedha ya wakulima i wapi? Mizani ilipimwa? Yuko mtu aliyeandika hesabu na kuifungua kesi? Na kama hakuwa mwizi, ni nani aliyerudi kuandika kwamba jina lake ni safi? Mwandishi aliyekuwako siku ya makofi hakuwako siku ya kutoka. Ndivyo mkulima anavyopewa furaha badala ya pamba yake, naye asiye na kosa anavyopewa aibu badala ya hukumu, na katika hao wawili hakuna aliyepata haki.

Sisi watu wa nchi hii ya Usukuma tuna sababu ya kulijua jambo hili kuliko wengine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wizi wa ng'ombe ulipozidi, na polisi wakawa mbali, vijiji vya Kahama na Shinyanga vilianzisha sungusungu, likaenea upesi hata huku kwetu. Lilikuwa na ntemi wake, na katibu wake, na filimbi zake usiku. Ng'ombe walirudi, hilo hakuna awezaye kulikana. Lakini baraza lililomkamata mtu lilikuwa ndilo lililomhukumu, na ndilo lililomwadhibu, na wazee kadha waliodhaniwa kuwa wachawi waliumia, wengine wakafa, pasipo hakimu kuwasikia. Serikali ililisifu sungusungu kwa ulinzi, huku mahakama zikiwahukumu baadhi ya watu wake kwa kuua. Ikachukua mpaka mwaka 1989 kwa sheria kulipa sungusungu mahali pake, yaani uwezo wa kukamata kama mgambo, si uwezo wa kuhukumu. Tazameni jinsi somo lilivyo moja. Kumkamata mtu ni kazi moja, kumhukumu ni nyingine. Nasi tulilipa kwa damu kujifunza tofauti yake.

Tena liko jambo la kabla ya hapo, ambalo lilirudi magazetini mwanzoni mwa mwaka 2024. Mzee Ali Hassan Mwinyi, Rais wa pili wa Jamhuri yetu, alifariki tarehe 29 Februari 2024, na katika kumlilia, magazeti yote yalikumbusha kwamba zamani alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani alijiuzulu kwa makosa asiyoyatenda mwenyewe. Yalisema kweli. Walimsifu kwa moyo wake, na moyo huo wastahili sifa. Lakini tulipozisoma habari hizo tuliona jambo la ajabu: nyingi zilisimulia kujiuzulu na kupita mbio juu ya sababu. Sababu ilikuwa ni watu wa huku.

Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, mauaji ya wazee waliosingiziwa uchawi yalikuwa yamezidi. Bariadi na Maswa wakati ule zilikuwa nchi ya Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wetu wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012. Serikali ilitaka mauaji yale yakome, na nia hiyo ilikuwa njema, nani angeikataa? Polisi na maofisa wa usalama wakakamata watu wengi. Waliokamatwa waliteswa ili waseme, na baadhi yao walifia mikononi mwa waliowashika. Jambo lilipojulikana, mnamo Januari 1977 Mwinyi alijiuzulu, akajiuzulu na Waziri wa Nchi Peter Siyovelwa, pamoja na wakuu wa mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Miaka michache baadaye baadhi ya maofisa walishtakiwa katika Mahakama Kuu Mwanza, wakafungwa.

Basi ni kanuni gani iliyomo humo? Magazeti yalituambia ni unyenyekevu wa mtu mmoja. Sisi twasema ni zaidi. Ni kanuni kwamba mwenye wizara huwajibika kwa yale yatendwayo na watu wa wizara yake, hata kama hakuyaagiza. Ndiyo kanuni iliyomo katika Ibara ya 53 ya Katiba, isemayo kwamba Mawaziri kwa pamoja wanawajibika mbele ya Bunge. Kanuni hiyo ikigeuzwa kuwa tabia njema ya mtu mmoja aliyekwisha fariki, basi waziri mwingine aweza kusema, Mimi si Mwinyi, nami nakaa. Na zaidi ya hayo, tukimtaja aliyejiuzulu bila kuwataja waliokufa, twasahau kwamba jambo zima lilianza kwa kumkamata mtu na kumweka mahali ambapo hakimu hakumwona. Wakati ule Katiba yetu haikuwa na sura ya haki za watu. Iliwekwa mwaka 1984, na ikaanza kudaiwa mahakamani mwaka 1988. Twaamini kwamba mambo ya Mwanza na Shinyanga ni mojawapo ya yaliyoonyesha jinsi ilivyohitajiwa.

Walimu wanaosoma ukurasa huu watakumbuka jambo jingine, la Kagera, ng'ambo ya Ziwa. Februari 2009 mkuu wa wilaya wa Bukoba aliagiza walimu 19 wa shule za msingi wachapwe viboko, kwa kuwa watoto wao hawakufaulu vema mitihani. Polisi akawachapa. Nchi nzima ilishtuka, na Rais Jakaya Kikwete akautengua uteuzi wa mkuu huyo. Magazeti wakati ule yaliandika kwa nguvu, nasi twawasifu kwa hilo. Lakini angalieni waliyoyaandika: aibu, fedheha, udhalilishaji wa mwalimu. Maneno ya kweli yote. Lililokosekana ni swali la sheria, yaani kwamba hata kama walimu wale wangekuwa wavivu kabisa, hapana sheria iliyompa mkuu wa wilaya fimbo.

Na kwa kuwa swali lile halikuulizwa, miaka 10 ilipopita jambo lilirudi na sura nyingine. Oktoba 2019 huko Chunya, mkuu wa Mkoa wa Mbeya aliwachapa kwa mkono wake wanafunzi 14 wa sekondari, waliodaiwa kuwa na simu na kuchoma mabweni. Safari hii Rais John Magufuli alimsifu hadharani. Sasa mwanakijiji aliyefuata habari hizi mbili ataamini nini? Ataamini kwamba viboko vya mwaka 2009 vilikuwa vibaya kwa sababu Rais alichukia, na vya mwaka 2019 vilikuwa vyema kwa sababu Rais alipenda. Twajua kwamba wanafunzi si walimu, na kwamba kuchoma bweni ni jambo zito. Lakini kanuni za elimu zimeweka wazi ni nani awezaye kumchapa mwanafunzi: ni mwalimu mkuu, au mwalimu aliyepewa ruhusa naye kwa maandishi, wala viboko visizidi 4, na viandikwe kitabuni. Mkuu wa mkoa hamo. Na kosa la kuchoma bweni lina mahakama yake. Mwandishi ambaye angeichapa kanuni hiyo chini ya habari yake, mistari mitatu tu, angekuwa amewafaa wazazi kuliko kurasa zote za hoja za waliopenda na waliochukia.

Tusemeje basi juu ya waandishi? Si wote walio sawa. Wako waliowauliza wanasheria, wakachapa masharti ya sheria ya 1997 kwa Kiswahili chepesi. Na viongozi wa juu wa Serikali wenyewe wamewaonya wakuu wa wilaya zaidi ya mara moja wasiutumie uwezo huu ovyo, na maonyo hayo yaliandikwa. Ila onyo huchapwa siku moja, na makofi huchapwa kila juma. Tena twajua kwamba mwandishi wa wilayani mara nyingi hufika kijijini katika msafara wa mkuu, kwa kuwa hana nauli nyingine. Aliyepewa nafasi garini huona vigumu kumwuliza mwenye gari, Umeandika sababu kwa hakimu? Twalisema hili kwa huruma, maana si kosa la mtu mmoja. Lakini msomaji yafaa alijue, ili ajue habari yake imesafiri kwa gari gani.

Habari iliyo kamili ingekuwaje? Si ndefu. Ingesema mkuu amemwagiza polisi amkamate fulani, na kwa kosa gani lililomo katika sheria. Ingesema kama sababu zimeandikwa na kupelekwa kwa hakimu wa mahakama gani. Ingesema saa aliyokamatwa. Na baada ya siku mbili ingesema, kwa mistari miwili, amefikishwa mahakamani au ameachwa. Mwandishi akiyauliza hayo mara kumi, mara ya kumi na moja mkuu atakuwa ameyatayarisha kabla ya kuulizwa. Wala wananchi wasingenyimwa furaha yao. Mwizi wa pamba aliyefikishwa kwa hakimu akiwa na hesabu iliyopimwa ni furaha kubwa kuliko mwizi aliyelala siku mbili kituoni akarudi sokoni.

Haja ya jambo hili ilizidi mwaka 2020. Ibara ya 26 ya Katiba yampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za sheria kuilinda Katiba, na kwa miaka mingi watu na vyama viliweza kwenda Mahakama Kuu kuteta kwa ajili ya wengine. Lakini mwaka 2020 Bunge liliibadili Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu Muhimu ya mwaka 1994, na mabadiliko hayo yalimtaka anayepeleka shauri la haki hizo aape na kueleza jinsi jambo lilivyomgusa yeye mwenyewe. Kwa mabadiliko hayo mwanasheria wa Dar es Salaam asiyeguswa hakuweza tena kumtangulia mahakamani kwa jina lake mwenyewe. Na mtu wa Itilima aliyetoka kituoni asubuhi ya siku ya tatu, asiye na karatasi mkononi, asiyejua hata kwamba karatasi hiyo ilipasa kuandikwa, ndiye ambaye sheria hiyo ilimwambia aende yeye.